Hoteli ikipunguza Aprili, lita 60 za kila siku nizipeleke wapi? (Malindi)

MfugajiGanda
Asalaam alaykum ndugu zangu. Niko Ganda, nina ng'ombe sita wanaokamuliwa, jumla lita 60 kwa siku. Yote huenda hoteli moja ya ufuoni kwa shilingi 60 lita. Pasaka ikipita wageni huondoka, hoteli hupunguza au hufunga kabisa hadi Julai, na papo hapo mvua za masika zimenyesha, majani yamejaa, kila zizi lina maziwa. Mchuuzi wa pikipiki akishajua umebanwa anakupa 45. Gunia la chakula la kilo 70 nalo ni 3,150 na halishuki. Nifunge bei vipi, na maziwa niyagawe namna gani? Mtindi unalipa? Tena hoteli wakati mwingine huyarudisha maziwa wakidai yametiwa maji, na hayajatiwa hata tone.

HesabuZaZizi
Wa alaykum salaam. Kabla ya bei, tazama kinachobaki mkononi baada ya chakula. Ng'ombe anayetoa lita 10 akila kilo 4 za gunia, kila lita imekula kilo 0.4. Gunia la 3,150 ni shilingi 45 kwa kilo, kwa hiyo lita moja imebeba 18 za chakula. Ukiuza 60 unabaki na 42 za majani, dawa, mkamuaji, usafiri na jasho lako. Ukiuza 45 unabaki na 27. Gunia likipanda 350, kilo imepanda 5 na lita imepanda 2. Liandike hivyo hivyo kwenye mkataba: gunia likipanda au likishuka 350 kutoka 3,150, bei ya lita inafuata kwa shilingi 2, na risiti ya duka ndiyo ushahidi. Mnunuzi atalikubali hilo upesi kuliko kuambiwa tu kwamba chakula kimepanda.

Lakini mkataba wa bei bila kiasi haukulindi. Hoteli inaweza kushika 60 yake mwaka mzima huku ikichukua lita tano. Andikeni kiasi cha chini kwa kila kipindi, kwa mfano lita 20 Novemba hadi Machi, 15 Aprili hadi Juni, 20 Julai hadi Oktoba. Hata kama itabidi ushushe shilingi mbili za msimu ili upate hizo lita 15 za masika, shusha. Malipo yawe kila siku 14. Hoteli inayokaribia kufunga ndiyo yenye madeni marefu, na "mwisho wa mwezi" wake huweza kufika Agosti.

Halafu usimpe mnunuzi mmoja zaidi ya theluthi. Chukua mfano huu: lita 20 hotelini kwa 60 ni 1,200, lita 25 kwa nyumba na vibanda vya chai kwa 80 ni 2,000, lita 15 zilizobaki kwa mchuuzi kwa 45 ni 675. Jumla 3,875, wastani karibu 64.60 kwa lita. Hoteli ikifunga kabisa na lita zake 20 zikaangukia 45, unapata 3,575, wastani 59.60. Umepoteza 300 kwa siku. Ulivyo sasa, hoteli ikifunga unashuka kutoka 3,600 hadi 2,700.

Kumbuka Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo usiiandikie mwezi wa Kizungu. Vibanda vya chai hulala mchana, lakini nyumba zinataka maziwa ya tambi, uji na chai ya futari. Mkamuo wa mchana uwafikie wateja kabla ya alasiri kuisha. Ukileta baada ya magharibi umeshachelewa.

KituoChaMaziwa
Hapo kwenye kurudishiwa maziwa ndipo wengi wanapoonewa, na mara nyingi mpimaji mwenyewe hajui. Lakitomita, kile kipimo kinachoelea kwenye maziwa kuonyesha uzito wake, nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20 (angalia maandishi kwenye shina, zipo za nyuzi nyingine). Maziwa safi husoma 26 hadi 32. Yakiwa ya joto husoma chini: kwa kila nyuzi moja juu ya 20, ongeza 0.2. Mathalani yamefika mlangoni yakiwa nyuzi 30 na lakitomita inasoma 25. Mpimaji anasema maji. Ongeza 2 unapata 27, maziwa yamepita. Hoteli zenye kipimo lakini hazina kipimajoto ndizo zinazogombana na wafugaji kila siku. Nunua kipimajoto chako, andika joto na kipimo kwenye daftari, na anayepokea atie sahihi. Usipime maziwa yenye povu, nayo hewa hudanganya.

Pima na uchachu kabla hayajatoka kwako: mililita 2 za maziwa na mililita 2 za spiriti ya asilimia 70 hivi kwenye kijichupa, tikisa. Yakifanya chembechembe ukutani mwa chupa, usiyapeleke hotelini. Kwa joto letu la kaskazi, mkamuo usiopozwa ufike ndani ya saa mbili au tatu, na uwe kwenye kopo la aluminiamu. Jerikani la mafuta ya kupikia lina kona ambazo brashi haifiki.

Jambo jingine ni kilo na lita. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi. Lita zako 60 ni karibu kilo 61.8. Kituo kinacholipa kwa kilo lakini kinapima kwa lita, kisha kikaandika "kilo 60" kwenye lita 60, kinakula karibu kilo mbili zako kila siku.

BiMtindi
Mtindi unalipa ikiwa una mteja wake kabla hujawasha jiko. Usiufanye pipa la maziwa yaliyokataliwa. Yakishaanza kuchachuka hayafai hata kwa mtindi, hukatika motoni.

Kwa lita 20: weka sufuria ndani ya sufuria kubwa yenye maji, fikisha nyuzi 85, shikilia dakika 30. Poza upesi kwa maji baridi hadi nyuzi 25 hivi, tia chachu ya dukani mililita 400 hadi 600 iliyoamshwa (yaani iliyotangulia kugandishwa kwenye maziwa kidogo), koroga, funika. Vitabu husema saa 16 hadi 18, lakini usiku wa Malindi chumba mara nyingi hakishuki hadi 25, kwa hiyo anza kuangalia zikipita saa 12 tangu utie chachu. Ukiuacha, unakuwa mkali na maji yanajitenga juu. Usiporudisha baridi mara unapoganda, unaendelea kuchachuka ndani ya chupa.

Mtindi ukikataa kuganda, uliza kwanza kama kuna ng'ombe aliyechomwa antibiotiki. Dawa hiyo huua chachu, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ni za kufuatwa kwa sababu maziwa hayo hayafai kwa mtu pia. Vifuniko vikivimba, umerudia mtindi wa jana kuwa chachu mara nyingi mno, hamira ya porini imeingia. Na kabla ya kuuza dukani, leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya na vyeti vya afya vya wanaoshika chakula.

MfugajiGanda
Allah awalipe kheri. Nimesoma kwamba Marekani wafugaji hufunga bei mapema sokoni. Sisi hatuwezi?

HesabuZaZizi
Soko hilo liko Chicago. Mkataba mmoja wa maziwa ya Daraja la Tatu, yale ya jibini, ni pauni 200,000, karibu kilo 90,700. Kwa lita 60 kwa siku, hayo ni maziwa yako ya miaka minne. Cha kuiga kwao ni mpango wa serikali wa Dairy Margin Coverage, ulioletwa na sheria ya kilimo ya 2018: haulindi bei, unalinda tofauti kati ya bei ya maziwa na gharama ya chakula. Kipengele chako cha gunia ni jambo lilo hilo kwa kimo cha zizi lako.

Njia yako nyingine ni kalenda ya kuzaa. Ng'ombe hubeba siku 283 hivi. Akipandishwa mwanzoni mwa Januari anazaa katikati ya Oktoba, na maziwa yanafika kilele wiki ya nne hadi ya nane, yaani katikati ya Novemba hadi mwanzoni mwa Desemba, wageni wakiwa wanajaa. Tatizo ni kwamba Januari ni joto na mimba hushika kwa shida, basi mpandishe alfajiri au jioni, kivuli na maji yawepo mchana kutwa. Hamisha watatu tu kati ya sita, kwa sababu nyumba na vibanda vya chai vinataka maziwa mwaka mzima.

Na hao watatu watakuwa wakikamuliwa kaskazi, majani hakuna. Weka sileji (majani mabichi yaliyoshindiliwa shimoni na kufunikwa yasipate hewa) ya matete au mahindi Juni na Julai: kilo 20 kwa siku kwa siku 90 ni kilo 1,800 kwa ng'ombe mmoja, na iliyoshindiliwa vizuri hutaka shimo la mita za ujazo 4 hivi. Matete yakatwe yakiwa kifuani, yanyaushwe kidogo kabla ya kukatwakatwa. Yakiingia shimoni na maji ya masika sileji huoza, nuka yake inahamia kwenye maziwa, na hoteli itayarudisha bila hata kuyapima.