Nimenunua kemper ya kupandisha kwenye pikapu, turubai limechanika na ubao umeoza. Nianze na kipi?

NgoshaMajuu
Wakuu heshima kwenu. Niko Minnesota, Marekani, mwaka wa nane sasa. Mwezi wa nane nimenunua kemper, zile za kupakia nyuma ya pikapu ambazo paa lake linanyanyuka ukishapaki, ukitaka kuondoka unalishusha. Ni ya 1998, nimeipata kwa dola 2,400 kwa mzee mmoja alikuwa anahama. Nia ni kutembeza familia, watoto wakaone maziwa na misitu ya kaskazini. Sasa turubai la pembeni limechanika sehemu mbili kwenye mkunjo, na ile sehemu ya kitanda inayotokeza juu ya kabini, kona ya kushoto, ukibonyeza ubao kidole kinazama kama andazi lililolowa. Juu ya paa nishapaka silikoni tyubu tatu. Nianze na turubai au ubao? Na hita gani ya gesi inaweza kuwaka usiku kucha bila shida? Bajeti ndogo, matusi sitaki.

KipusaWaUkonga
Kwa hiyo umenunua kibanda cha wakala ukakipandisha kwenye gari 😂😂

FundiSanawari
Mkuu mapaa ya kunyanyua ndo ugali wetu huku Arusha, Landcruiser za watalii. Turubai huchanika kwenye mkunjo kwa sababu watu wanashusha paa madirisha na mlango vyote vimefungwa, hewa inakosa pa kutokea inasukuma kitambaa nje, kinabanwa kati ya paa na bodi. Fungua mlango kwanza, shusha taratibu, ingiza kitambaa ndani kwa mkono. Tundu dogo weka kiraka cha vinili kwa gundi yake, kubwa mtafute fundi wa viti vya magari mwenye cherehani nzito. Na usifunge likiwa limelowa. Kuna dereva wangu alifunga limelowa Ndutu akaja kulifungua Arusha baada ya wiki mbili, gari lilikuwa linanuka kama zizi, mgeni wa kwanza kuingia alitoka akasema atasubiri gari jingine, na ile tripu ilikuwa ya siku saba.

DerevaOntario
Kabla ya turubai, hiyo pikapu ni gari gani?

NgoshaMajuu
Asante fundi, hilo la mlango nilikuwa silijui kabisa. @DerevaOntario ni Toyota tu mkuu, pikapu ya kawaida. Wenye uzoefu wa hita jamani?

BabuKijiweni
Vijana mnajisumbua. Mimi nimelala kwenye Fuso miaka kumi na moja, Dar Tunduma, Tunduma Dar. Kitanda nyuma ya siti, taa ya kibatari, radio. Makambako baridi ile unalala na makoti mawili na utingo wako mnabanana kama samaki wa kopo na hakuna aliyeomba ushauri mtandaoni. Utingo mmoja alikuwa anakoroma mpaka nikamwambia we lala juu ya mzigo, tulikuwa tumebeba saruji, asubuhi akashuka mweupe.

DerevaOntario
"Toyota tu" sio jibu. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika imeandikwa uzito ambao watu na mzigo wote havitakiwi kuzidi. Halafu nyuma ya kemper kuna stika nyingine ya uzito wake ikiwa tupu. Leta namba zote mbili.

NgoshaMajuu
Ni Tacoma ya 2012, milango minne, bodi ya mzigo fupi. Stika ya mlango paundi 1,120. Ya kemper 1,250. Ila mkuu usiniwahi, nishaagiza springi za kuongezea nyuma na zile puto za hewa, na jirani yangu anatembea na zigo kubwa kuliko langu mwaka wa tatu.

DerevaOntario
Yaani kemper tupu imeshazidi paundi 130 na wewe mwenyewe hujapanda. Hapo bado maji, lita 75 ni kilo 75 hakuna muujiza, mtungi wa gesi umejaa ni kilo kama 17, betri, godoro, sufuria. Springi zinanyanyua matako ya gari tu, breki ni zilezile, ekseli ni ileile, chesi ileile. Mtu anayeendesha lori atakwambia, kupandisha mlima sio tatizo, tatizo ni kusimama.

NgoshaMajuu
Nimekuelewa ila pesa ishatoka mkuu, na kubadilisha gari siwezi saa hizi. Naendesha polepole, na sehemu kubwa itakuwa imepaki tu.

Mama_Tumaini
Samahani mdogo wangu naomba kuuliza kama mama. Umesema maziwa na misitu, hiyo si ya kiangazi? Sasa hita ya kuwaka usiku kucha ya nini, na "itakuwa imepaki tu" wapi?

KipusaWaUkonga
Mama kashika jambo

NgoshaMajuu
Sikutaka kuongelea hili. Mkataba wa apatimenti unaisha tarehe 31 mwezi huu na nishampa mwenye nyumba notisi kwamba sirenyuu. Nitakaa humo mpaka mwezi wa nne. Kodi ni dola 1,150 kwa mwezi, mara sita piga hesabu mwenyewe. Kibaha nyumba imesimama kwenye lenta mwaka wa pili, mvua inanyesha ndani. Kazini naruhusiwa kupaki, kuoga naoga jimu. Wapo Wazungu kibao wanaishi hivi na wanasifiwa, akifanya mmatumbi anaonekana kichaa.

KipusaWaUkonga
Ngoja kwanza. Posti ya kwanza ulisema kutembeza familia. Sasa hivi unaishi humo peke yako Minnesota na theluji. Familia iko wapi, mgongoni? Wakuu hii ni chai, tena ina tangawizi. Mtu ameona video za Wazungu akaja kututungia.

Mzee_wa_Data
Chai. Leta picha.

BabuKijiweni
Mimi nilijua toka mwanzo. Paa la gari linanyanyuka vipi

FundiSanawari
Babu yananyanyuka, nimekwambia ndo ugali wangu.

DerevaOntario
Picha mtu anaokota popote. Mimi nina swali moja. Ukibandua mbao za ndani, skrubu zake zina kichwa gani? Usigugo, jibu.

NgoshaMajuu
Cha mraba. Nilienda na bisibisi ya nyota nikaua mbili za kwanza, nikarudi dukani kununua ya mraba. Na ndani ya mlango wa kabati la sinki kuna mistari ya penseli, mtoto wa yule mzee alikuwa anapimwa urefu kila kiangazi, wa mwisho umeandikwa 2006. Sijaufuta. Familia yangu iko Morogoro, hilo nilidanganya, sikutaka mjue najinunulia pa kulala mtu mzima wa miaka 41. Mtoto wangu mdogo sijui hata sasa hivi anafika wapi.

DerevaOntario
Sio chai. Skrubu za mraba ni za huku Kanada asili yake, na makemper yamejaa hizo, wa kutunga angesema nyota.

KipusaWaUkonga
Naomba radhi kaka. Ila bado una kichaa.

Mama_Tumaini
Mke anajua?

NgoshaMajuu
Anajua nimenunua gari.

Mama_Tumaini
Ee Mola.

DerevaOntario
Tuache mke. Sikiliza baridi. Pembeni yako kuna kitambaa, na huko Januari kuna usiku unaingia hasi 25. Pumzi yako tu inaganda kwenye turubai, asubuhi ukiwasha moto inayeyuka inakunyeshea, na ndo inakwenda kuozesha hiyo mbao. Hita isiyo na bomba la kutoa moshi nje usilale nayo hata kwa dawa, ni jiko la mkaa chumbani lilelile tunalozikia watu kila mwaka. Yenye bomba ina feni, feni inataka betri. Una betri gani?

NgoshaMajuu
Lithiamu, amp-saa 100, mpya, na sola wati 200. Hapo nilijipanga.

DerevaOntario
Lithiamu ya aina hiyo haichajiwi ikiwa chini ya sifuri, unaiua, au ina kinga ndani inakata chaji yenyewe. Kwa hiyo betri inaisha, feni inasimama, hita inazima, saa tisa usiku. Iweke ndani unapolala, sio kwenye kile kisanduku cha nje. Na kengele ya hewa ya sumu kama ni ya 1998 itupe, zile zinaisha muda, nunua mpya leo kabla ya springi.

FundiSanawari
Na hiyo silikoni uliyopaka ikwangue YOTE. Hakuna kitu kinashika juu ya silikoni, hata silikoni nyingine. Toa mikanda ya alumini, kwangua, weka utepe wa butili (ule mzito wa mpira unaonata), rudisha mikanda, juu yake ndo unamwaga silanti ya paa. Ubao choma na bisibisi kuanzia kwenye uozo kwenda nje mpaka ikatae kuingia, kata hapo ongeza nchi mbili, washa feni siku tatu, ndo uweke plaiwudi ya marini, ile inayovumilia maji. Ukiziba kabla haijakauka umefungia maji ndani. Kwa hiyo jibu lako: paa, ubao, halafu turubai mwisho. Sijui kwa nini hakuna aliyekujibu swali.

KipusaWaUkonga
Fundi wewe ndo ulianza na habari za Ndutu 😂

NgoshaMajuu
Mrejesho. Jana nimepita kwenye mizani ya malori. Jumla paundi 5,940, mwisho wa gari ni 5,500. Na hapo tanki la maji lilikuwa tupu. Nimeshusha kemper iko kwa jirani juu ya jeki zake nne, nimeanza kukwangua silikoni, tyubu tatu kupaka dakika ishirini, kukwangua leo siku ya pili vidole vimevimba. Mwenye nyumba nimemwandikia kama notisi inaweza kurudi nyuma, hajajibu.

Mzee_wa_Data
Pole mkuu. Hiyo ya Kibaha unapaua bati geji ngapi?

NgoshaMajuu
28, msauzi.

BabuKijiweni
30 inatosha, usidanganywe na mafundi.

FundiSanawari
Babu 30 Kibaha na ule upepo? Acha basi.