Niliandamana juu ya deni la serikali, kumbe na mimi ni mmoja wa wanaodai?

bintiyaLikoni

Hamjambo wadau. Naomba mnisaidie na swali ambalo limenikosesha usingizi tangu Jumapili ya mkutano wa chama. Msinicheke tafadhali.

Chama chetu tuko wamama kumi na wanne. Tulianza na mchezo wa 500 kwa wiki, tukawa tunaweka weka mpaka February 2024 tukafikisha nusu milioni. Mweka hazina wetu akasema pesa isilale bure benki, serikali inauza bondi ya miundombinu, yaani unaikopesha pesa, inalipa 18.46 kwa mia kwa mwaka na haikatwi kodi. Tukabishana kidogo, mwishowe tukaingiza laki tano yote.

Sasa May mwaka huo huo ukaja ule Mswada wa Fedha, mkate upigwe VAT ya 16, gari lilipiwe 2.5 kwa mia ya bei yake kila mwaka, mpaka pampasi za watoto zikawa zinaguswa na ile ada ya mazingira. Na mafuta ya kupikia ushuru wa 25! Mimi nauza mahamri na viazi karai, mafuta ndo maisha yangu. Wakaondoa ya mkate na mafuta tarehe 18 June lakini watu walikuwa washakasirika. Tarehe 25 nikafunga meza saa tatu asubuhi, mimi na kijana wangu tukavuka feri tukaingia mjini, nina chupa ya maji na leso begani, nikapiga kelele mpaka sauti ikapotea siku tatu. Tunasema deni limezidi, pesa mmekula, sisi hatukukopa.

Mwezi wa nane meseji ya benki ikaingia kwa chama. 46,150. Riba ya miezi sita. Wamama wakatuma vigelegele kwenye WhatsApp na mimi nikatuma vyangu. Halafu usiku nimelala najiuliza, hizi pesa zimetoka wapi? Si ndo hizo hizo walitaka kuzitoa kwa mafuta yangu?

Tangu hapo kila miezi sita inaingia na kila ikiingia nanyamaza. Sasa mweka hazina anataka tuongeze tena. Je mtu anaweza kukasirikia deni la nchi na huku yeye mwenyewe anaikopesha? Ama mimi ni mnafiki tu?

---

hesabuzamkononi

Dada we si mnafiki, we umechelewa tu kujua. Zaidi ya nusu ya deni la Kenya sahii ni la ndani, yaani wanadaiwa na benki, bima, mifuko ya pensheni, masako na watu kama nyinyi. Hata yule anayekatwa pensheni ya NSSF na hajui bondi ni mnyama gani, pesa yake iko huko. Kwa hivyo hapa tunaoandamana wengi ni wakopeshaji bila kujua.

Lakini wacha nikueleze hiyo 18.46 yako ilitoka wapi, maana si bahati. Mwaka 2014 serikali ilikopa nje kwa ile Eurobond, dola bilioni 2 za kulipwa baada ya miaka kumi, riba 6.875. Miaka kumi inaisha lini? June 2024. Sasa fikiria January 2024 dola imefika karibu shilingi 160, kila mtu anauliza Kenya italipa ama itaanguka kama Zambia na Ghana. Benki Kuu ikapandisha kiwango chake cha riba mpaka 13 kwa mia. February serikali ikaenda nje ikakopa dola bilioni 1.5 kwa 9.75 ili ilipe ile ya 6.875. Umeelewa hapo? Unakopa ghali kulipa rahisi kwa sababu huna njia nyingine.

Na mwezi huo huo ndo wakatoa bondi yenu. Waliomba bilioni 70. Watu wakaleta bilioni 288, wakachukua karibu 241! Ndani yake kuna dola nyingi ziliingia kutoka nje kufuata hiyo 18, shilingi ikapata nguvu ikarudi kwa 130 hivi. So kusema ukweli ilisaidia, ila riba yake tutailipa miaka minane na nusu.

Ukubwa wenyewe: Kibaki akitoka 2013 deni lilikuwa chini ya trilioni 2. Uhuru akitoka 2022 ni trilioni 8.6 na kitu. June 2025 tumefika 11.8. Gawanya kwa Wakenya wote na watoto wachanga, ni zaidi ya laki mbili kwa kila kichwa. Na Ruto mwenyewe baada ya maandamano alikaa na waandishi wa habari akasema kwa kila shilingi 100 ya ushuru, 61 inaenda kulipa deni. Katiba inasema deni linalipwa kwanza, kabla ya dawa na kabla ya mwalimu. Nyinyi wamama mko mbele ya mwalimu kwenye foleni.

---

trela_Mariakani

Hiyo ya mwisho imeuma 😂 lakini mimi siongei mambo ya bondi, mimi naongea reli.

Nimeendesha trela Mombasa Malaba tangu 2006. Wakajenga reli mpya ya SGR kwa mkopo wa benki ya Exim ya China, sawa, tukaambiwa maendeleo. Reli ikaanza 2017, mizigo haikutosha, na mkopo unataka kulipwa, wakafanya nini? 2019 wakatoa amri kontena zote za kwenda bara zipande treni. Yaani mwenye mzigo asichague. Watu waliandamana hapa Mombasa mpaka amri ikalegezwa, lakini uliza Mtito Andei, uliza Mariakani, uliza zile hoteli za chapati na maharagwe ambapo tulikuwa tunapanga foleni ya kuegesha saa mbili usiku. Kulikuwa na mama mmoja nilikuwa namwita shangazi, alikuwa ananiwekea chai ya tangawizi kwa thamosi nyekundu bila kuniuliza kwa sababu anajua mngurumo wa gari yangu. Nimepita mwaka juzi hapo ni mabati yamefungwa.

Na mkataba wenyewe ulifichwa, ulisainiwa 2014, karatasi zake chache tumeziona November 2022 Murkomen, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, alipozitoa. Miaka nane unalipa kitu hujasoma. Ukiagiza hata tairi kutoka nje unalipa ada ya maendeleo ya reli. Na reli yenyewe imeishia huko Naivasha porini haijafika Malaba, mzigo wa Uganda unashushwa njiani unapandishwa gari.

Mimi sikatai kukopa. Hata hii trela ilikuwa ya mkopo. Lakini nilijua ikitembea safari ngapi kwa mwezi inajilipa, si niliandika kwa daftari kabla ya kusaini.

---

KijanawaKisauni

rudisha basi hiyo 46,150 mama tukakulie pilau 😂😂

---

bintiyaLikoni

@KijanawaKisauni pilau ya watu kumi na wanne haitoshi na wewe ushibe wewe 😂

@hesabuzamkononi sasa umenitisha zaidi. Mbele ya mwalimu? Dada yangu ni mwalimu wa JSS (sekondari ya chini), wale wa mkataba.

---

welda_Changamwe

Mimi nitaongea na wewe vizuri dada yangu lakini usikasirike. Mimi niko upande wa pili wa hiyo 46,150.

Mwaka huo huo wa 2024, mwezi wa nne, nilipata oda ya kutengeneza mageti ya nyumba kumi na mbili. Nilikuwa nahitaji mashine ya pili na vyuma vya kuanzia, laki tatu na nusu tu. Nikaenda benki ninayoweka pesa tangu 2015. Yule kijana wa mikopo alikuwa mpole sana, akaniletea maji, akafungua kompyuta akaniambia mzee kiwango sahii ni 21. Na anataka logbook ya gari, na taarifa za benki za mwaka, na mdhamini. Nikamuuliza mbona 21? Akacheka akasema mzee, serikali inanilipa 18 na haiwezi kunitoroka, wewe nikikupa kwa 18 nitakuwa nimekula nini?

Hakunitukana. Alisema ukweli. Benki ikiweza kukaa kwenye kiti ikapewa 18 bila kumfuata mtu na logbook, itakuja Changamwe kutafuta welda kwa nini? Oda nilikosa, ikaenda kwa mtu wa Nairobi. Vijana wawili nikawaambia wasije Jumatatu, mmoja sasa yuko Qatar.

Kwa hivyo serikali ikikopa sana hapa ndani si kwamba deni liko huko kwa magazeti. Mimi na serikali tulipanga foleni moja ya mkopo na yeye ni mkubwa kuniliko, alinisukuma tu. Sahii viwango vimeshuka, Benki Kuu imekuwa ikipunguza, lakini ule mwaka haurudi.

Sikulaumu. Ningekuwa na laki tano ningefanya vile vile.

---

nondo_na_saruji

Mnaongea madeni yenye yameandikwa. Kuna yenye hayaandikwi!! Mimi ni kontrakta mdogo, nilijengea kaunti moja (siitaji, bado nangoja kulipwa) madarasa mawili ya chekechea 2021. Nilikamilisha, wakaja wakakata utepe, nikapigwa picha na mheshimiwa. Mpaka leo hii. Gavana mpya akaingia 2022 akasema lazima madeni yakaguliwe kwanza. Yakakaguliwa. Yakakaguliwa tena. Kila mara naenda na faili langu la rangi ya samawati, askari wa geti ananijua ananiambia "mzee wa faili umefika".

Hilo deni langu haliko kwenye hiyo trilioni 11.8. Yale ya wakandarasi na wauzaji wanaodai serikali ya kitaifa peke yake ni zaidi ya bilioni 500, kaunti zina yao. Pickup nimeuza. Benki sasa inadai mimi, si kaunti.

Wale wa barabara angalau walisikizwa, mwaka 2025 ile ada ya mafuta ya shilingi 25 kwa lita wakachukua 7 wakaiuza mapema kwa wakopeshaji wapate bilioni 175 walipe kontrakta. Yaani ukijaza petroli leo unalipa barabara ya zamani kwa pesa ya kesho, na ada yenyewe ilikuwa 18 wakaipandisha July 2024, maandamano hata hayajapoa! Wanasema si deni. Sawa. Mimi sijui jina lingine.

---

Mbongo_wa_Arusha

Majirani shikamooni wakubwa, nimepita tu. Huku kwetu nasi tulikuwa na yetu, tozo za miamala ya simu 2021, ukimtumia mama elfu kumi unakatwa mara mbili, watu wakapiga kelele mitandaoni serikali ikapunguza asilimia 30, baadaye ikashusha tena. Na Desemba mwaka huo Spika Ndugai akasema hadharani mikopo inazidi, iko siku nchi itapigwa mnada. Wiki moja na ushee baadaye, Januari 2022, kajiuzulu uspika! Kwa hiyo nyie wenzetu angalau mnabishana kwa sauti. Mie nawaonea wivu hapo tu, kwenye bei ya unga hapana.

---

Wanjiku_hajalala

Nawasoma tangu asubuhi na naona mnamhurumia sana serikali kwa sababu ya hesabu. Hasira ya 2024 haikuwa hesabu bana. Watu walikuwa wamelipa, mafuta ya gari VAT ilitoka 8 ikaenda 16 mwaka 2023 watu wakalalamika wakalipa, ada ya nyumba 1.5 kwa mia ya mshahara watu wakanuna wakalipa. Shida ni kuambiwa kaza mshipi na mtu ambaye mshipi wake umefunguliwa. March 2023 waliteua manaibu mawaziri 50, hamsini! mpaka mahakama ikasema ni kinyume cha katiba. May 2024 ziara ya Marekani kwa ndege ya kukodi ya kifahari, mwezi mmoja kabla ya maandamano, Ruto akaeleza ati haikufika milioni kumi. Haya, hata kama.

Na tulionya mapema, April 2021 Wakenya walijaa kwenye kurasa za IMF (shirika la fedha duniani) kuwaambia wasitukopeshe tena. Nani amewahi kuona mdaiwa anamwandikia mkopeshaji asimpe pesa? Walitukopesha tu.

Bintiyalikoni endelea na bondi yako na uendelee kuandamana. Anayekopesha ndo ana haki zaidi ya kuuliza pesa imefanya nini. Wewe ukikopesha jirani laki tano ukamuona amenunua sofa huku watoto wake wanakula kwako, si utaongea?

---

bintiyaLikoni

Asanteni sana jamani, nimesoma yote mara mbili, nyingine nimewasomea wamama kwa sauti. Ile ya welda ilinyamazisha chumba.

Tumekutana jana. Mweka hazina alikasirika kidogo, akasema mimi nimeleta siasa kwenye chama. Tukapiga kura kwa mikono, tisa kwa tano. Ile laki tano ya bondi inabaki mpaka muda wake, lakini haturudishi riba huko. Riba inakaa hapa, mwanachama anakopa kwa 10 kwa mia na wadhamini wake ni wawili kati yetu, asiyelipa tunajua anakaa wapi na anapika nini. Wa kwanza kuomba ni mama wa ushonaji, anataka cherehani ya umeme. Wa pili ni mimi, karai kubwa na jiko la gesi.

Mweka hazina ndiye ameandika fomu ya mkopo. Kipengele cha kwanza: "Eleza pesa itatumika kwa nini, na ulete risiti ndani ya siku 14."

@trela_Mariakani ukipita Likoni viazi vyako viko, na chai ya tangawizi tutatafuta thamosi.

---

trela_Mariakani

Nyekundu.