Tupeane uzoefu: taa za nyongeza kwa pikipiki za safari ndefu huku Kusini

Mpita Mikindani: Habari za jioni, ndugu wajumbe. Nimeleta mada hii kwa sababu juzi usiku, nikitokea Masasi, nililifikia kwa ghafla lori la korosho lisilokuwa na taa hata moja ya nyuma. Ninatumia V-Strom 650, na mwezi ujao ninakusudia kwenda Mbamba Bay kupitia Tunduru na Songea. Taa yake ya asili si mbaya, lakini kwenye kona na pembezoni mwa barabara haionyeshi kitu. Madukani wananitajia lumeni tu, elfu kumi, elfu ishirini, kama wanaonadi mali. Mliokwisha kufunga taa za nyongeza, naomba mtueleze mlichagua zipi na yaliyowapata.

Fundi wa Masasi: Ndugu, lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa, nayo haikwambii mwanga huo unaelekea wapi. Kinachoamua ni kioo na umbo la ndani la taa. Spoti hupeleka mwanga mwembamba mbali sana, na taa pana huumwaga karibu, kushoto na kulia. Kwenye barabara zetu hatari nyingi hutokea pembeni: baiskeli isiyo na rifleta iliyobeba magunia ya mkaa, mbuzi, mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi. Anza na taa pana. Spoti ifuate baadaye, mfuko ukiruhusu.

Mzee wa Mingoyo: Naunga mkono hoja.

Binti Nachingwea: Mmenikumbusha usiku ambao sitaki urudi. Nilikuwa natoka Dar es Salaam na taa mbili za halojeni za wati 55 kila moja, nilizofungiwa na fundi mmoja wa huko ambaye simtaji. Kibiti nilipita vizuri, Daraja la Mkapa nikalivuka huku nikizisifu taa zangu, na pale Somanga, ambako Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilisababisha barabara kukatika, nikapita kwenye mchepuko wenye mashimo uliotikisa pikipiki nzima.

Nilipoiacha Nangurukuru nyuma kuelekea Mbwemkuru, nilianza kusikia harufu ya plastiki inayoungua, na kabla sijaamua la kufanya, taa zote zikazimika kwa pamoja: za nyongeza, taa kubwa na hata ya dashibodi. Nilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, yaani karibu mita 22 kila sekunde, na lori lililokuwa likija mbele yangu lilikuwa limenimulika mpaka macho yakapofuka. Lilipopita, sikuona hata usukani wangu. Kilichoniokoa ni indiketa, ambazo zina fyuzi yake peke yake. Niliziwasha zote, nikawa naiona barabara kwa vipande vya rangi ya chungwa: inaonekana, inapotea, inaonekana tena, huku nikipunguza mwendo na kutafuta ukingo wa lami.

Nilipofungua kiti, nyaya zilikuwa zimeyeyuka na kushikana. Fundi yule aliunganisha taa zangu moja kwa moja kwenye waya wa taa kubwa bila rilei, yaani ile swichi ndogo inayowashwa kwa umeme, kisha akatoa fyuzi ya ampea 15 akaweka ya 30 ili isikatike. Taa mbili za wati 55 ni wati 110, na kwa umeme wa volti 12 hizo ni ampea 9 na ushei, juu ya mzigo ambao waya ule ulikuwa umekwisha kuubeba. Fyuzi kubwa ikavumilia, waya ukashindwa. Kwa hiyo, kaka yangu wa Mikindani, kabla hujauliza chapa ya taa, uliza nani atakufungia.

Fundi wa Masasi: Pole sana, dada. Kwa faida ya wengine: waya mnene utoke betri, upite kwenye fyuzi iliyo karibu na betri, uingie mguu wa 30 wa rilei. Mguu wa 87 uende kwenye taa. Mguu wa 86 upate ishara kutoka taa kubwa kupitia swichi, na wa 85 uende kwenye bodi ya chuma ya pikipiki. Hapo waya wa taa kubwa unatuma ishara tu, haubebi mzigo.

Liwale Porini: Mimi kisa changu ni tembo.

Mzee wa Mingoyo: Tembo?

Liwale Porini: Ni barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale, usiku, vumbi tupu. Nilikuwa na spoti mbili, na mbele niliona mbali kuliko nilivyohitaji. Tembo alikuwa kushoto, hatua chache kutoka tairi la mbele. Niliona kitu cha kijivu nikadhani ni gogo, mpaka gogo lilipoinua mguu.

Kijana wa Ruangwa: Alikuwa na ndama? Ulizima taa?

Mzee wa Mingoyo: Taa huzimwa, kijana. Ukimmulika machoni, unamkasirisha.

Kijana wa Ruangwa: Shikamoo, mzee, lakini ukizima gizani utajuaje anakuja au anaondoka?

Mpita Mikindani: Ndugu zangu, turudi kwenye taa.

Liwale Porini: Ndizo ninazozungumzia. Spoti ilimulika mti ulio mbali, na mnyama wa pembeni ikamwacha gizani. Sasa nina taa pana, za LED. Ndama sikumwona; sikukaa kumtafuta.

Mkazi wa Newala: Hakuna aliyetaja ukungu. Huku juu mwezi wa saba asubuhi, taa nyeupe hukurudishia ukuta mweupe usoni. Nunua za njano.

Fundi wa Masasi: Rangi ya njano hupunguza mng'ao kwa baadhi ya macho, sipingi, lakini haipenyi ukungu kwa muujiza wowote. Linalosaidia ni taa pana, yenye mwanga uliokatwa juu, iliyofungwa chini.

Mkazi wa Newala: Umewahi kuteremka Newala kuelekea Masasi saa kumi na mbili asubuhi, au unatusomea?

Fundi wa Masasi: Nimeteremka, tena kwa taa nyeupe, na nimefika.

Mkazi wa Newala: Kufika si kuona.

Binti Nachingwea: LED mbili za wati 20 hula ampea 3 na kidogo tu, na pikipiki haichoki. Tafuta zenye alama ya IP67, ambayo maana yake zimepimwa kuvumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kwa wakazi wa pwani, angalieni na boliti zisiwe za chuma cha kawaida, kwa sababu chumvi haina huruma.

Kijana wa Ruangwa: Mimi nasema asisafiri usiku, basi.

Mzee wa Mingoyo: Hilo nalo ni jibu.

Mpita Mikindani: Nashukuru. Nitachukua LED pana na rilei yake. Nazielekezaje nisiwapofushe wenzangu?

Fundi wa Masasi: Pakia mizigo yote utakayosafiri nayo, kaa juu ya pikipiki, simama kwenye uwanja tambarare mita 7 au 8 kutoka ukutani. Sehemu yenye mwanga mkali isipande juu ya kimo cha taa zenyewe, na swichi yake iwe karibu na kidole gumba ili uzizime mara tu uonapo mtu anakuja. Kama ukuta ni wa jirani, mpigie hodi kwanza.