Tupeane uzoefu: kitu chako kikikaa sawa, unakisemaje bila kuambiwa unaringa?

Mwisho_wa_Reli:
Habari za jioni wakuu. Mi niko Kigoma mjini, Mwanga. Mwezi uliopita niliitwa intavyu sehemu fulani, maswali yote nimejibu fresh tu mpaka dada mmoja akaniuliza, unajivunia nini katika maisha yako? Aisee niliganda. Yani nimekua naambiwa na bibi usijivune, usijikweze, leo mtu ananiambia nijivunie mbele ya watu watatu nisiowajua? Nikajibu "kwa kweli hamna, namshukuru Mungu tu". Kazi sikupata. Njia nzima narudi nahesabu maneno: kuringa, kujidai, kujiona, kujisikia, kutamba, kuvimba, nyodo, mikogo, siku hizi na kujimwambafai. Yote ya kumsema mwenzako! La kujisema mwenyewe vizuri liko wapi? Leteni visa vyenu.

Mgebuka_Mkavu:
Umenigusa. Mi mvuvi wa dagaa, Kibirizi. Nilianza kibarua kwenye boti za watu, mbalamwezi ikiisha tunaingia ziwani, giza lote tunakesha majini na taa, asubuhi unapewa chako unaondoka, nimeenda hivyo miaka tisa ndo nikapata boti yangu, ya mbao, injini ya mkononi. Nikamwambia fundi rangi aandike ubavuni NGUVU ZANGU. Siku ya kuishusha baba mdogo akaja, akasoma, akanyamaza, akauliza bei ya injini, akasoma tena. Akasema, "Mwanangu, meli ya Liemba ilizamishwa 1916, ikalala chini ya ziwa mpaka 1924 wakaiibua, na haijaandikwa nguvu zake. Wewe yako hata haijalowa." Pwani nzima ilicheka. Nikafuta, nikaandika KWA NEEMA. Msimu ule nikapata vizuri, kila mtu ananiambia unaona, neema hiyo. Iliniuma bwana, sio kwamba namkatalia Mungu, ila mikono iliyochubuka kwa kamba ni yangu. Mwaka jana napiga rangi upya nikarudisha jina la kwanza. Baba mdogo ameshafariki, natamani angekuwepo anicheke tena.

Mama_Mawese:
Pole kwa kufiwa mwanangu. Mi wa Ujiji, nimepaua nyumba kwa mawese tu, chikichi nachemsha mwenyewe nakamua mwenyewe. Mtu akiniuliza najibu "tunajikongoja". Bati zinang'aa hadi barabarani mtu anasema anajikongoja 😂 Ila tuseme ukweli, mi sio adabu peke yake, naogopa kijicho. Nikisema nimejenga kwa jasho langu kesho mkopo unaombwa na wanne.

Jicho_Kavu:
Tusidanganyane, wengine mnaringa kweli. Kuna jamaa hapa kanunua pikipiki ya mkopo kaiweka stetasi siku 11 mfululizo, ya 12 ikachukuliwa na mwenyewe.

Mnyamwezi_Orijino:
Tabora hapa, mwangaluka. Sisi kujitapa kulikuwa na mahali pake. Babu alikuwa anatuhadithia wazee wake, wapagazi wale wa karne ya 19, wanabeba pembe za ndovu kwa miguu toka Unyanyembe, hapa hapa Tabora, mpaka Bagamoyo, aliyerudi anajitapa na watu wanakaa kusikiliza, ambaye hajafika pwani anaonekana bado mtoto. Hata kwenye ngoma mtu anajisifu mpaka jasho linamtoka na anatunzwa hela. Sasa mi mjukuu wao nikikamilisha kazi ofisini bosi akinisifia, nasema "tulisaidiana". Nilifanya peke yangu, wiki mbili, wenzangu walikuwa likizo!

Ticha_Kasulu:
Mwisho wa Reli, bibi yako na yule dada wa intavyu hawakusema neno lilelile, masikio yako ndo yameyachanganya. Angalia hiyo -i- ya mwishoni kwenye "najivunia". Mtu anajivuna, basi, sentensi imeisha, ni yeye tu kavimba pale. Lakini ukisema "najivunia" sharti uendelee, unajivunia nini? Lazima unyooshe kidole kwenye kitu: boti, bati, pembe iliyofika Bagamoyo. Huyo wa pikipiki alijivuna kwa sababu kitu chenyewe hakikuwa chake (samahani Jicho Kavu kama ni ndugu yako). Mwanangu wa darasa la nne alirudi na ripoti akamwambia mama yangu "bibi najivunia", akakemewa palepale, mtoto usijivune. Nikamwambia arudie, amalizie. "Bibi, najivunia hesabu, nimetoka 31 nikapata 78." Bibi akamwambia lete hiyo karatasi niione, akaiweka ndani ya Msahafu wake na mpaka leo hajairudisha.

Mama_Mawese:
Ticha kumbe. Basi najivunia bati zangu. Nimesema hapa hapa, mtaani siendi kusema 😂

Mwisho_wa_Reli:
Ticha ubarikiwe. Nimeitwa tena sehemu nyingine Jumanne. Nimekaa nimewaza, mdogo wangu wa kike nimemlipia ada kidato cha kwanza mpaka cha nne kwa kuuza dagaa wakavu stendi, asubuhi nauza mchana naenda chuo. Sijawahi kumwambia mtu kwa sauti. Nimejaribu leo mbele ya kioo, sauti inakatika kwenye "najivunia" ila kwenye dagaa inatoka vizuri. Mgebuka hebu tupia picha ya hiyo boti.