Mawakala wa safari, acheni kutuuzia Msumbiji msiyoijua! Na hela ya viza isiyokuwepo irudishwe

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari zenu. Naandika nina hasira, mtanivumilia.

Familia yetu ilipanga kumpeleka mama Msumbiji. Mama ni Mmakua wa Masasi, wazee wake walivuka Ruvuma wakitokea huko, na tangu tuko wadogo anasema kuna kisiwa anataka akione kwa macho yake: Ilha de Moçambique, kile ambacho Wareno walikifanya makao makuu ya utawala wao mpaka 1898. Sisi watoto tukachanga. Tukaenda kwa wakala mmoja hapa Dar, ofisi ya maana, kiyoyozi, picha za fukwe ukuta mzima. Akapokea kishika nafasi, akapokea na "ada ya viza", akasema ratiba tutaipata kesho yake.

Ratiba ilipofika, nainukuu kama ilivyo: "Siku ya pili: asubuhi kutembelea jiji la Maputo. Baada ya chakula cha mchana kuondoka kwa gari kuelekea Ilha de Moçambique. Jioni kuogelea baharini."

Jamani! Maputo iko kusini kabisa, jirani na mpaka wa Afrika Kusini. Ilha iko mkoa wa Nampula, kaskazini. Hapo katikati kuna zaidi ya kilomita 2,000 za barabara. Ni mbali kuliko Dar kwenda Bukoba, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekuambia uondoke Dar baada ya chakula cha mchana ukaoge Ziwa Victoria jioni. Mama ana miaka zaidi ya sabini na magoti yanamsumbua. Huyu mtu alikuwa tayari kumpakia kwenye Noah na kumpeleka huko, au aliandika tu akijua hatutafika?

Nikampigia. Akanijibu, "Dada, hiyo ni ratiba ya mfano, mkifika kule mwenyeji atarekebisha." Arekebishe ramani ya nchi?

Halafu picha. Ukurasa wa kwanza ameweka tramu ya njano inapanda kilima katikati ya nyumba za vigae, chini kaandika "Maputo, jiji la Kireno barani Afrika". Maputo haina tramu inayotembea mitaani. Ile ni Lisbon, tramu namba 28, inajulikana dunia nzima. Ukurasa wa tatu kuna majabali ya rangi ya dhahabu yaliyotobolewa na maji, eti "visiwa vya Quirimbas". Yale majabali ni Ponta da Piedade, karibu na mji wa Lagos, kusini mwa Ureno. Yaani mtu anauza Msumbiji kwa picha za Ulaya! Na Msumbiji inazo picha zake. Stesheni ya reli ya Maputo yenye kuba lake peke yake inatosha kumfanya mtu akate tiketi.

Sasa viza. Wakuu, hili lisomeni mara mbili, maana najua kuna wengine wamepigwa na hawajui. Mtanzania mwenye pasipoti ya Tanzania HAHITAJI viza kwenda kutembea Msumbiji. Unaruhusiwa kukaa siku 30, unagongewa muhuri mpakani au uwanja wa ndege, basi. Huyu bwana alitutoza dola 80 kila kichwa, na kwenye risiti kaandika "viza ya utalii pamoja na uharakishaji". Anaharakisha kitu gani ambacho hakipo? Nilipombana akasema ni "gharama za ofisi". Kama ni gharama za ofisi iandike gharama za ofisi, nikatae mapema.

Na tarehe alizotupangia ni Machi. Alizisifia sana, "bei ya punguzo, hakuna msongamano". Ni kweli hakuna msongamano, kwa sababu Machi uko ndani ya msimu wa vimbunga kwenye mwambao ule! Idai iliipiga Beira Machi 2019. Kenneth ikafuata Aprili mwaka huohuo, ikapita mkoa wa Cabo Delgado na kisiwa cha Ibo. Gombe, Machi 2022, ilitua mkoa wa Nampula. Jude, Machi 2025, Nampula tena, wilaya ya Mossuril, ambayo ukisimama Ilha unaiona ng'ambo ya maji. Hizi si habari za siri, zilikuwa kwenye redio na televisheni zetu zote. Mtu anayeuza safari za pwani ya Msumbiji na hajui kwamba watu huenda kuanzia Mei hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekata na nyangumi wakipita baharini kuanzia Julai, anauza nini?

Lakini kilichonifanya nifungue uzi huu ni "njia mbadala" aliyonitumia baada ya mimi kulalamikia zile kilomita. Akasema tunaweza kupunguza gharama: basi hadi Mtwara, tuvuke Ruvuma kwa feri, tupite Palma, Mocímboa da Praia, tushuke Pemba hadi Nampula. Nilisoma ule ujumbe nikatetemeka. Mashambulizi ya waasi wa Cabo Delgado yalianzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Palma ilivamiwa Machi 2021, watu wakakimbilia ufukweni kutafuta boti. Oktoba 2020 yalivuka hadi upande wetu, kijiji cha Kitaya, watu wa Mtwara hawajasahau. Hata ukienda kupitia Daraja la Umoja pale Mtambaswala, ng'ambo unatokea Negomano, na hapo bado uko Cabo Delgado ileile. Wapo ndugu zetu wanaopita kwa biashara na misiba, wanajua wanachofanya na wanajua wamuulize nani. Kumpitisha mama mzee huko kwa kisingizio cha likizo, ili wewe usave nauli ya ndege, ni unyama. Silitumii hilo neno ovyo.

Nimeambiwa na ndugu yangu mmoja, "Achana naye, tafuta mwingine." Nimeshatafuta. Wa pili naye kanionyesha visiwa vya Bazaruto huko kusini, hoteli ya mamilioni, na nilipomtajia Ilha akauliza, "Hiyo ndiyo Ibo?" Ibo ni kisiwa kingine, mkoa mwingine! Wa tatu hakujua kama kule kunazungumzwa Kireno, akasema muongozaji wa Kiingereza anatosha.

Ndicho kinachoniuma. Kile kisiwa si kitu kigeni kwetu. Kabla Vasco da Gama hajatia nanga pale 1498, palikuwa na bandari ya Waislamu wa pwani, majahazi yakipanda na kushuka mwambao huuhuu wa Kilwa na Sofala. Wareno wakaja wakajenga kikanisa kwenye ncha ya kisiwa mwaka 1522, bado kimesimama, halafu kuanzia 1558 ile ngome ya São Sebastião, ambayo Waholanzi waliizingira 1607 na 1608 wakashindwa kuichukua. Kwenye ratiba yetu imeandikwa "ngome ya Waarabu". Anayeijua Fort Jesus ya Mombasa angejua ni kazi ya watu walewale.

Nimekaa usiku mwingi nikisoma kuhusu kile kisiwa na naweza kuwatembeza nimefumba macho. Kina urefu wa kama kilomita tatu tu. Upande mmoja nyumba za mawe, mapaa yake bapa yametengenezwa kukinga mvua na kuishusha kwenye matangi, maana kisiwa hakina maji baridi ya kutegemea. Upande wa pili mji wa makuti, na mji huo uko chini kuliko barabara, kwa sababu mawe ya zile nyumba za wakubwa yalichimbwa hapohapo, na watu wa kawaida wakabaki wakijenga ndani ya shimo. Wanawake wanapaka usoni msiro, ile sandali nyeupe ya mti. Kuna matapa, kisamvu kile cha karanga na nazi, ila kisiwani wanayo pia ya mmea wa baharini. Na wanaongea Kimakua! Mama angeshuka kwenye gari akasalimia akaitikiwa. Hilo ndilo tulilokuwa tunalipia, na hakuna wakala hata mmoja aliyeuliza mama yetu anataka kuona nini. Wote wanauliza, "Hoteli ya nyota ngapi?"

Kwa anayepanga safari kama hii, nilichokipata kwa kuhangaika mwenyewe ni hiki: shukeni Nampula kwa ndege, kutoka pale hadi Ilha ni kama kilomita 180 za barabara, mwisho unavuka daraja refu la njia moja linaloingia kisiwani. Nacala nayo ina uwanja wa ndege na ni karibu zaidi. Maputo ifanyeni safari yake peke yake, mle kamba wa pilipili pale Costa do Sol, mnywe kahawa na vile vitamu vya Kireno vya maziwa na mayai, pastel de nata, wanavipika vizuri sana. Mbebe meticais, hela ya kule, mkononi. Na Nampula yenyewe, hasa kaskazini kuelekea mto Lúrio, waulizeni wenyeji hali ya usalama ikoje kabla ya kukata tiketi.

Naomba kwa mwenye uzoefu: kuna aliyewahi kurudishiwa hela kwa kupitia wanaotoa leseni za TALA, zile za biashara ya utalii, au Tume ya Ushindani? Inachukua muda gani? Na aliyekwenda Ilha miaka hii ya karibuni aniambie dereva wa kuaminika wa kutoka Nampula anachukua kiasi gani.

Na wewe wakala, najua humu unaingia. Risiti zako ninazo zote, na ujumbe wa Palma ninao. Anza na dola 80 za kila mmoja wetu. Ukizituma tutakaa tuongelee kishika nafasi. Usipozituma hadi Ijumaa, Jumatatu nakwenda Tume ya Ushindani na karatasi zangu.