Masikio yamesimama, nyonga zimekufa: nyinyi wa "berger tu", njooni hapa

KufuliYaLupango (Katuba)

Jambo ba papa, ba mama, ba yaya. Huu si uzi wa kuoneshana picha za mbwa. Ni wa kugombana.

Hapa Lubumbashi, kuanzia Golf mpaka Ruashi, muulize mtu anataka mbwa gani wa kulinda lupango (kiwanja cha nyumba). Hujamaliza swali, ameshajibu: berger, yaani mbwa mchungaji wa Kijerumani. Haulizi afya, haulizi tabia, haulizi wazazi wa mbwa wako wapi. Na berger mwenyewe, kwa akili ya mji huu, ni vitu vitatu tu: mgongo mweusi, masikio yaliyosimama, mkia wenye manyoya. Vitu hivyo vyote anaweza kuwa navyo mbwa ambaye akifika miaka minne miguu ya nyuma inakataa kumbeba. Mnauziana sura.

Nitaanza na nyonga, maana hapo ndipo uongo ulipojaa. Displazia ya nyonga ni hivi: kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri ndani ya kikombe chake. Kikombe hakina kina cha kutosha, mfupa unachezacheza, gegedu linalika, halafu mfupa unaanza kuota miiba. Mbwa anarithi, kisha unene na chakula kibaya vinamalizia. Dalili ni kuamka kwa taabu, hasa baridi ya Juni na Julai, kukimbia kwa kurusha miguu yote miwili ya nyuma pamoja kama sungura, na kukataa ngazi. Lakini mtoto wa wiki nane haonyeshi kitu! Kwa hiyo muuzaji anayesema "nyonga zake nzuri, si unaona anavyoruka" anakuuzia upepo.

Kinachosema ukweli ni picha ya eksirei ya wazazi wake. Mbwa awe ametimiza miezi 12, apewe dawa ya usingizi, alazwe chali, miguu ya nyuma ivutwe sambamba na magoti yageuzwe ndani kidogo. Akipigwa picha akiwa macho anajikaza, na picha inadanganya. Kwa kipimo cha FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, kuna herufi A mpaka E. A ni safi, B karibu na safi, C ina kasoro ndogo, D na E asizalishe hata akiwa na masikio ya dhahabu. Ujerumani, nyumbani kwa mbwa huyu, bila picha hiyo chama cha berger hakimruhusu kuzalisha. Sisi kibali chetu ni masikio.

La pili ni kupandisha ndugu. Mtu ananunua dume na jike wa tumbo moja, "ili rasi (aina ya mbwa) isichafuke", anangoja jike aingie joto. Kaka na dada, damu moja asilimia 25. Baba na binti, 25 vilevile. Mjomba na mpwa, 12.5. Na hesabu hiyo inachukulia kwamba wazazi wao hawakuwa ndugu, wakati kwetu na wao walikuwa ndugu. Matokeo yake mnayajua ila mnayaita uchawi: tumbo la watoto watatu badala ya wanane, watoto wanaokufa wiki ya kwanza, dume mwenye pumbu moja, meno pungufu, mbwa mwoga anayemng'ata mtoto wa nyumbani na kumkimbia mwizi.

Kapteni Max von Stephanitz alipomwandikisha Horand von Grafrath mwaka 1899, berger wa kwanza kwenye kitabu cha usajili cha Ujerumani, alikuwa anatafuta mbwa wa kuchunga kondoo siku nzima bila kuchoka. Angeona wale wanaofungwa mnyororo wa mita moja na nusu chini ya mwembe, angefuta kitabu.

La tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mtu anafiwa na berger mwezi wa tatu, mbwa alikuwa anaharisha damu. Mwezi wa nne amenunua mwingine, kwa muuzaji yuleyule, amemfunga palepale. Huyo naye anakufa. Wa tatu analetwa. Huo si upendo wa mbwa, ni ukaidi. Hiyo ni parvo, ugonjwa wa mbwa wa kuharisha damu, na kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata kupita mwaka. Mnampeleka mtoto wa watu kaburini na karne (kijitabu) yake ya chanjo iko tupu.

Haya, njooni mnitukane.


PapaBerger (Golf)

Yaya Kufuli, weye unachukia berger njo maana unasema hivi. Polisi ya dunia nzima inatumikisha berger. Babu zetu walifuga berger wakati wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, hakuna aliyepiga picha ya nyonga. Berger ni berger.

Na mgongo wa kuteremka ni wa berger wa maonyesho. Berger wa kazi ana mgongo ulionyooka. Usituchanganye wote.


KufuliYaLupango

Papa, hapo kwa mgongo umesema kweli na ninakubali. Berger wa maonyesho na berger wa kazi ni kama mbwa wawili. Sasa niambie, kwa heshima yako: wangapi hapa mjini wanajua wananunua yupi? Wanaona mgongo umeteremka, wanasema "huyo ndiye orijino". Wanalipa zaidi kwa kasoro.

Kuhusu polisi, wengi wameshahamia malinois. Na kipimo cha berger dume ni sentimita 60 mpaka 65 begani, kilo 30 mpaka 40. Wale wa kilo 55 mnaojivunia kwamba ni "berger jayanti" (majitu) ni wanene, au wamechanganywa. Kila kilo ya ziada inakaa juu ya nyonga ileile.


SentineliWaUsiku (Kenya, Lubumbashi)

Basi berger kwisha. Chukueni malinois, bishano limeisha 😂


Docta_wa_Mitaani (Kampemba)

Halijaisha, ndugu. Malinois ni wa Ubelgiji, jina lake linatoka mji wa Malines, dume ni kilo 25 mpaka 30, nyonga zake kwa kawaida ni afadhali. Lakini ni mbwa wa kazi asubuhi na jioni. Mfungie kwenye lupango bila kazi uone: atazunguka duara moja mpaka achimbe mfereji, atakula mlango, atauma mkia wake mwenyewe. Saa moja kwa siku ya kumkimbiza na kumfundisha, hicho ndicho cha chini. Sentineli (mlinzi) anayelala saa tatu usiku asimiliki malinois. Mnahama kutoka ushabiki mmoja kwenda mwingine, kama mpira.

Nirudi kwenye parvo maana Kufuli kaigusa tu. Chanjo ya kwanza ni wiki 6 mpaka 8, kisha inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka apite wiki 16. Sindano ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo mnayoiruka! Sababu: maziwa ya kwanza ya mama yanampa mtoto kinga, na kinga hiyo inaiua chanjo. Kwa mtoto mmoja inaisha wiki ya 8, kwa mwingine wiki ya 14. Huwezi kujua ya nani imeisha lini, kwa hiyo unarudia. Mwenye sindano moja ya wiki ya sita msimhesabu amechanjwa. Rottweiler na dobermann wanaanguka kwa parvo kuliko wengine, wenye rottweiler msicheze kabisa.

Kama mbwa amekufa kwa parvo: ondoa kinyesi na uchafu wote kwanza, osha kwa sabuni, halafu javel (dawa ya kung'arisha nguo) sehemu moja kwa maji sehemu 30, sakafu ibaki imelowa dakika 10. Javel juu ya kinyesi haifanyi kitu. Na udongo, javel haiuwezi, kwa hiyo pale chini ya mwembe asifike mtoto mwingine mpaka amalize chanjo zote. Ukileta mbwa, leta mkubwa aliyekamilisha.

Na kichaa: chanjo miezi mitatu, rudia baada ya mwaka mmoja. Akiuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, ndipo hospitali. Berger, malinois, mbwa wa mtaani, kichaa hakiulizi rasi.


MamaWaChungu (Kamalondo)

Nyinyi wanaume mnasema nyonga, nyonga. Hamsemi sahani. Mbwa anapewa bukari (ugali) tupu na mchuzi uliobaki, mwaka mzima, halafu mnashangaa manyoya yanatoka na miguu inapinda.

Mbwa mzima wa kilo 30 asiyefanya kazi nzito: gramu 250 za unga wa mahindi kabla ya kupika, gramu 150 za ndakala (samaki wadogo) kavu na vichwa vyake na miiba yake, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, na boga au majani kidogo. Ndakala loweka, mwaga maji, chumvi itoke. Miiba yake laini ndiyo kalsiamu. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni, na asikimbie saa nzima baada ya kula. Mbwa wa kifua kirefu tumbo linajaa hewa na kujisokota, na hilo linaua kwa saa chache. Kitunguu msitie. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, inapasuka kama sindano.

Tena unga. Ule ulioota ukungu, mnaosema "huu ni wa mbwa", una sumu inayoua ini lake. Macho yanakuwa manjano, anatapika, anakwisha. Usioweza kuula wewe, usimpikie.


Kijana_Bel-Air

Samahani wakubwa, swali la haraka. Berger wa miezi minne na nusu, sikio moja lilikuwa limesimama, sasa limeanguka. Muuzaji anasema tuongeze kalsiamu na tufunge sikio kwa skochi (utepe wa kunata). Vidonge vingapi?


Docta_wa_Mitaani

Sifuri, mdogo wangu. Sikio ni gegedu, si mfupa. Miezi minne mpaka sita anabadilisha meno, masikio yanaanguka na kusimama yenyewe, leo la kulia kesho la kushoto. Ngoja mpaka miezi saba. Mpe vitu vya kutafuna. Watoto wasimshikeshike masikio.

Na kalsiamu ndiyo hatari yenyewe. Mtoto wa mbwa mkubwa, chini ya miezi sita, mwili wake hauwezi kukataa kalsiamu iliyozidi. Yote inaingia. Mifupa inakua vibaya, viwiko vinavimba, miguu ya mbele inafunguka nje. Yaani mnamvunja miguu ili masikio yasimame.

Pia, kwa wenye mbwa wazee: diclofenac na ibuprofen za duka la dawa msimpe. Zinatoboa tumbo na kuua figo. Punguza uzito kwanza, mbavu uziguse bila kubonyeza, halafu daktari wa mifugo amwandikie dawa ya mbwa.


Musenji_Mwenyewe (Ruashi)

Mimi nacheka tu. Kuna mbwa mmoja, kwenye orodha ya FCI asili yake imeandikwa Afrika ya Kati, dume sentimita 43, kilo 11, habweki bali anatoa sauti kama anaimba, jike anaingia joto mara moja kwa mwaka. Jina lake basenji. Ndiyo, neno lilelile tunalotukaniana, washenzi. Waingereza walichukua wawili mwaka 1895 wakafa kwa ugonjwa wa Carré (distempa), wakafanikiwa 1937. Lakini walizalisha kutokana na mbwa wachache mno, ndugu kwa ndugu, mpaka ugonjwa wa figo wa Fanconi ukaenea, mbwa anakojoa sukari na kukauka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani wakarudi hapa, wakati wa Zaire, kaskazini-mashariki, kutafuta mbwa wa vijijini ili wapate damu mpya. Mwaka 1990 chama chao, AKC, kikafungua kitabu chake kuwaandika.

Wao walivuka bahari kuja kuchukua mbwa wa kijiji ili waokoe rasi yao. Sisi mbwa wa kijiji tunampiga mawe, tunakwenda kununua kaka na dada.


PapaBerger

Basenji wa kilo 11 atamzuia mwizi gani? 😅


Musenji_Mwenyewe

Sijasema alinde lupango, papa. Nimesema damu. Ila mbwa wa kawaida wa mtaani, kilo 18, analala macho wazi na kubweka mtu akikanyaga jani. Wezi wengi wanafukuzwa na kelele, si meno. Na kupe wa hapa amewazoea tangu utotoni, tofauti na wale mnaowaleta kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa: mvua ya Novemba ikianza tu, mkojo wa kahawia, ufizi mweupe, homa juu ya 40. Hiyo ni babesia, ugonjwa unaoletwa na kupe. Kagueni kila jioni ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Mkojo ukibadilika rangi, ni siku hiyohiyo kwa daktari, si kesho.


KufuliYaLupango

Ongezeni pia yale mabuu ya nzi yanayoota chini ya ngozi ya tumbo. Nzi anataga kwenye mchanga wenye mkojo, ndipo mbwa analala. Paka vaselini kwenye tundu, subiri akose hewa ajitokeze, kamua taratibu asikatike ndani. Na badilisheni malalio, kila wiki.


Mteja_Mpya

Wakubwa, nimesoma yote. Sasa nani ana berger wa kuuza, mgongo mweusi, masikio tayari?


KufuliYaLupango

...

Mdogo wangu. Mwambie muuzaji akuoneshe mama yao akiwa ananyonyesha, si picha kwenye simu. Mama akijificha au akitaka kukuuma bila sababu, rudi nyumbani. Omba eksirei ya wote wawili, baba na mama, na namba ya chipu ya tarakimu 15 isomwe na mashine mbele yako ilingane na karatasi. Karne iwe na vibandiko vya chupa za chanjo, si saini tu. Chini ya wiki nane usimchukue. Akikujibu "mimi naaminika, uliza mtu yeyote", hiyo si eksirei.

Masikio angalia mwisho.


PapaBerger

Picha ya nyonga hapa mjini unapiga wapi, na mashine ya mbwa iko?


Docta_wa_Mitaani

Papa, anza kwa kuuliza kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Na mashine ya binadamu inapiga nyonga ya mbwa vilevile, kinachotakiwa ni daktari wa mifugo awepo kwa dawa ya usingizi na kwa kumlaza sawasawa. Asile chakula kwa muda wa saa nane kabla. Na chipu isomwe kabla ya picha, namba iandikwe juu ya filamu, wasije wakakuletea nyonga za mbwa wa jirani.