Nimeuziwa upanga wa Viking wa kutundika ukutani, tangazo linasema wa kupigania!!

Wakuu nina hasira mpaka basi. Mimi niko York huku Uingereza, mwaka wa tatu huu niko kwenye kikundi cha kuigiza mapigano ya Viking, wale mabaharia wapiganaji wa kale wa Skandinavia, na Februari kuna tamasha lao la Jorvik mji unajaa watu. Nikajibana miezi minne nikaagiza upanga mtandaoni, pauni 160, tangazo limeandikwa kabisa ni wa mapigano, chuma cha kaboni.

Ukaja mzito kama nondo, kuupima kilo 2 na ushee! Panga za Viking zenyewe nyingi zilikuwa kilo moja na kidogo tu, mtu anapigana siku nzima na ngao mkono wa pili. Nikajipa moyo ntazoea. Mkaguzi wetu wa silaha akaangalia makali, butu, ncha ya mviringo, akapitisha, maana ndani ya mpini nani ataona?

Jumapili mazoezini pigo la tatu tu, tena la taratibu, bapa likachomoka kwenye mpini likaruka likapita karibu na sikio la dogo mmoja wa miaka 19 likaenda kuchoma kwenye nyasi kule nyuma yake. Uwanja mzima kimya. Mimi nimebaki na mpini mkononi.

Kuufungua sasa. Bapa linatakiwa liwe kipande kimoja na ule mkia wake, upite katikati ya mpini mpaka kwenye kirungu cha mwisho ugongelewe pale. Hawa wamechomelea kijichuma chembamba kama penseli! Kimekatika palepale kwenye weldi. Na bapa ni stenilesi, kwa urefu ule ukiligonga linavunjika, muuza panga gani hajui hilo? Hata jina la Ulfberht, lile linaloonekana kwenye panga nyingi za enzi za Viking, wamechora juujuu tu wakati mafundi wa zamani walilipachika kwa chuma ndani ya chuma kwa moto na nyundo, ila hilo ningewasamehe.

Nimewaandikia wananijibu bidhaa ni ya mapambo, na usiku uleule wakabadilisha tangazo. Skrinshoti ninazo zote. Wa ukutani uuzeni wa ukutani jamani, mngeua mtoto wa watu!

Benki nshafungua madai. Sasa wauzaji wanataka niwatumie upanga kwanza kwa gharama zangu ndo waangalie, na mimi sitaki ushahidi utoke mikononi. Aliyewahi kurudishiwa hela huku anisaidie, niutume au nikae nao?